Flashi imegeuka njia za mkato: usibofye!

Dada, unasema ulichapisha kazi za mtoto kwenye saiba pale Kondele, ukarudi nyumbani ukakuta folda zote za flashi zimegeuka njia za mkato (shortcut), na sasa kompyuta inajikokota. Hivyo ni virusi vya flashi. Usibofye hata folda moja, maana kila ukibofya unaviamsha upya. Kazi zenyewe kwa kawaida hazijapotea, zimefichwa tu.

Anza na kompyuta. Windows 10 na 11 zina antivairasi ya Microsoft Defender ndani, bure. Isasishe, kisha iamuru ikague mashine nzima pamoja na flashi ikiwa imechomekwa. Itachukua muda, pika ugali wako. Ikimaliza, ruhusu faili zilizofichwa zionekane, unakili kazi zako, halafu uifomati flashi, yaani uifute yote.

Ile antivairasi ya bei ya kutupa uliyowekewa na kijana wa saiba, huenda ni ya wizi iliyovunjwa kufuli, itoe leo. Programu za namna hiyo mara nyingi hubeba majasusi wa kunasa nywila, kwa hivyo badilisha za benki na barua pepe ukitumia simu. Kuchapisha tena? Jitumie faili kwa barua pepe, na usisahau kutoka kwenye akaunti pale saiba.