Mwaka wa kujitolea shuleni umeisha: niendelee au niache?

Mdogo wangu, nimekuelewa. Mwaka mzima umefundisha Hisabati sekondari ya kata bila mkataba, posho ni ya michango ya wazazi ikipatikana, na sasa unajiuliza umevuna nini. Nami nilikaa hivyo miezi 14 nikisubiri ajira.

Kabla ya yote, fuatilia barua. Mkuu wa shule akuandikie yenye muhuri, tarehe ulizoanza na kumaliza, vidato na idadi ya vipindi. Usingoje siku ya kuondoka. Mkuu wangu alihamishwa ghafla, aliyekuja hanijui, nikazungushwa wiki tatu kwa karatasi moja! Nakala ipeleke kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Tunza pia maandalio ya somo. Yatakukumbusha mengi siku ya usaili.

Kuendelea? Ningekuwa wewe, ningeongeza muhula mmoja tu, tena kwa kupatana: siku mbili za wiki ziwe zako, za tuisheni au kibarua kingine. Mimi nilibebeshwa vipindi 30 nikaona sifa. Ujinga wangu.

Viboko usiviguse. Ni vya mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na wewe huna mkataba wa kukukinga. Anayekuahidi nafasi kwa "hela ya soda" ni tapeli au mla rushwa. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania, wanapatikana bure kwa simu 113.

Na huko kukosa usingizi tangu Januari, usikuchukulie poa. Nenda kituo cha afya, uwaeleze kama ulivyotueleza sisi.