Mafuriko yakija, mwenyekiti wa mtaa ana nguvu gani hasa?

Swali limetoka kwa mwenyekiti wa mtaa mmoja wa bondeni Dar es Salaam, pembeni ya Mto Msimbazi. Nalifupisha: "Mvua kubwa zikinyesha kuna watu wanagoma kutoka. Je naruhusiwa kuwatoa kwa nguvu? Naweza kuvunja ukuta wa jirani uliozibia maji njia, au kuchukua gari ya mtu kubebea wagonjwa? Na michango nikipokea kwenye simu yangu kuna shida?"

Mwenyekiti habari za majukumu. Mimi ni mwanasheria wa halmashauri na maswali haya tunayapata kila masika, ngoja nianze na lile gumu. Kuwatoa kwa nguvu wewe kama wewe, hapana.

Watu wengi wanachanganya mtaa na kijiji, hapo ndo mkanganyiko unapoanzia. Halmashauri ya kijiji ni chombo kamili kisheria, inashtaki na kushtakiwa, inatunga sheria ndogo zake na halmashauri ya wilaya ikiziidhinisha zinakuwa na meno. Mtaa hauna hayo. Mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa, kamati yake, na mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri, basi. Mnashauri, mnahamasisha, mnasimamia ulinzi, ila hamuwezi kukaa saa mbili usiku mkaandika "asiyehama leo faini elfu hamsini" halafu ikawa sheria, hiyo karatasi mahakamani itawarudia wenyewe. Yaani mwenzako wa kijijini kule Rufiji ana uwanja mpana kuliko wewe wa mjini, inashangaza lakini ndivyo ilivyo.

Sasa nguvu yenyewe iko wapi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imepanga kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya, kata hadi kijiji na mtaa, na wilayani anayeongoza meza ni mkuu wa wilaya, mkurugenzi na wataalamu wake ndo watendaji. Oda ya kuhamisha watu ikitoka huko na polisi wakaja nayo, wewe kazi yako ni kuonyesha nyumba na kuhakikisha hakuna anayepigwa wala kuibiwa. Ikikufikia kwa mdomo tu, sawa, anza kazi, maji hayasubiri barua, lakini andika nani kakupigia na saa ngapi, na mwambie mtendaji wa kata aombe maandishi asubuhi.

Najua utaniuliza kuhusu zile saa 48 za mkuu wa wilaya (DC) kumweka mtu ndani. Ni kweli Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa DC uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani, lakini masharti yake watu hawayasomi: lazima awe na sababu ya kuamini mtu huyo atavunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia, sababu aiandike na ampelekee hakimu, na saa 48 zikiisha bila kufikishwa mahakamani mtu anaachiwa. Mzee aliyegoma kuacha kitanda chake cha chuma havunji amani ya mtu yeyote. Usiende kwa DC kumuombea mzee selo.

Na "hali ya hatari" ile ya kikatiba, ibara ya 32, anaitangaza Rais peke yake, tena Spika anaitisha Bunge ndani ya siku 14 likaamue kwa theluthi mbili. Kwahiyo kijana wako akipita na kipaza sauti mtaani anatangaza "mwenyekiti ametangaza hali ya hatari" mnyamazishe haraka. Sema tu TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wametoa taarifa, na useme ni ya ngazi ipi, maana angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni ngazi tatu tofauti, ukiita zote tahadhari kubwa mara ya tatu hakuna atakayekusikiliza.

Turudi kwa wanaogoma, maana kwa maoni yangu hapa ndo kazi yako kubwa iko na haihitaji rungu. Watu hawagomi kwa sababu hawaogopi maji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwapa viwanja Mabwepande waliokuwa Jangwani na mabonde mengine, na bado kuna waliorudi bondeni kwa sababu kibarua kiko Kariakoo. Kwenye usiku wenyewe sababu ni ndogo zaidi ya hapo, ni godoro, friji, mtungi wa gesi, na wezi. Mama anajua akitoka saa nane usiku akirudi asubuhi atakuta mlango tu. Ukimwambia ulinzi shirikishi watabaki barabarani kwenye sehemu ya juu wakiangalia nyumba, na ukamtajia majina mawili anayoyajua, atatoka mwenyewe na watoto. Ulinzi wa mtaa uko kwenye kazi zako, huo hauombi kwa mtu.

Rejesta ya wakazi pia ni silaha yako, kama unayo ya kweli na sio ile ya mwaka wa uchaguzi. Ichukue sasa hivi kabla ya mvua, weka alama nyumba zenye mjamzito, mgonjwa wa kulala, mlemavu, bibi anayeishi peke yake. Hao wanatolewa mchana, mawingu yakiwa bado yanakusanyika. Halafu ongea mapema na mwalimu mkuu na mkurugenzi kuhusu madarasa ya kulala watu, nani anashika funguo usiku, vyoo vya kutosha viko wapi. Nimeshaona watu wamelowa wamesimama nje ya geti la shule na watoto mgongoni kwa sababu mwenye funguo anaishi Mbagala na simu imezima chaji.

Ukuta. Kama umezibia mkondo na mvua haijaja, peleka taarifa kwa maandishi kwa mkurugenzi, mhandisi aje, mwenye ukuta apewe notisi. Kama uko ndani ya mita 60 za mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu hapo, litaje hilo kwenye barua. Usiku wa maafa wenye mamlaka ya kuingia na kubomoa ni Zimamoto na Uokoaji, piga 114. Je kuvunja mlango kumtoa mtu aliyenasa ndani? Vunja, sidhani kama kuna hakimu atakusumbua. Lakini ukuta uliokukera tangu mwaka juzi ukiuangusha kwa kisingizio cha mvua, hiyo ni kesi na fidia utalipa wewe, sio mtaa, maana mtaa hauna akaunti ya kulipia.

Gari ya mtu omba, usichukue. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali, na kikubwa zaidi dereva akipata ajali na gari uliyoipora nani anabeba gharama? Kubaliana na wenye bajaji na kirikuu wa mtaani kwako sasa, na mafuta mjue yanatoka wapi. Nguvu kazi ni tofauti kidogo, ibara ya 25 inasema kazi inayolazimu kwa ajili ya janga linalotishia jamii haihesabiki kuwa kazi ya shuruti, kwahiyo kuwaita vijana wajaze viroba vya mchanga huna haja ya kuona aibu, ila faini kwa asiyekuja huna.

Michango kwenye simu yako ndo ningekukataza kabisa hata kama wewe ni mwaminifu kuliko wote. Fedha ipelekwe halmashauri kwa utaratibu wao na risiti itoke. Unga na mablanketi yakiletwa pale ofisini, yapokelewe na wewe, mtendaji na mjumbe mmoja, mwandike kilichokuja, nani kapewa, asaini au aweke dole gumba, na nakala ibandikwe ukutani jioni ile ile kabla maneno hayajaanza kwa muuza chapati.