Tangazo lilisema kilomita 23.4 kwa lita, mimi napata 11. Nihamie dizeli?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Niliagiza Toyota Corolla Axio ya 2015 kutoka Japani, injini ya petroli ya cc 1,500, gia za otomatiki aina ya CVT. Kwenye tangazo waliandika kilomita 23.4 kwa lita, na hiyo ndiyo iliyonivutia. Nakaa Mbezi Mwisho, kazini ni Posta, kama kilomita 25, na foleni ya Barabara ya Morogoro unaijua. Napata kilomita 11 kwa lita, siku mbaya 10. Fundi wangu anasema nozeli za kupulizia mafuta zimechoka, nibadilishe zote nne pamoja na plagi. Shemeji yangu ana Mazda CX-5 ya dizeli, cc 2,200, anaenda nayo Morogoro na Dodoma kikazi, na anasema anapata 15. Gari lake ni kubwa kuliko langu! Niuze nihamie dizeli?

JIBU: Nozeli usinunue kwanza. Kwa maelezo yako, gari linaelekea kuwa zima. Lenye kasoro ni lile tangazo, ingawa halikudanganya.

Hiyo 23.4 imetoka kwenye kipimo cha JC08, ambacho Japani ilianza kukitumia rasmi 2011, na kuanzia 2018 nafasi yake ikachukuliwa na WLTC. Gari linalopimwa halitoki barabarani. Linawekwa juu ya mitambo ya roli zinazozunguka ndani ya maabara, dereva anafuata mstari kwenye skrini kwa dakika 20 hivi. Kwa muda wote huo linakwenda kilomita 8 na kidogo, mwendo wa wastani ni kilomita 24 kwa saa na kasi ya juu kabisa haifiki hata 82. AC imezimwa. Hakuna kilima, hakuna matuta, hakuna daladala inayokuchomekea mbele ukalazimika kukanyaga breki na kuipoteza kasi uliyoinunua kwa mafuta. Kukanyaga mafuta kwenyewe ni kwa upole ambao sijauona kwa dereva yeyote wa Dar, nikiwemo mimi.

Karibu asilimia 30 ya muda wa kipimo hicho gari limesimama. Utasema, basi si ndiyo foleni yetu? Siyo, na hapa ndipo Axio yako ilipookota alama zake. Injini yake ina mfumo wa kujizima gari likisimama na kujiwasha ukiachia breki. Maabara ya Japani, kusimama ni bure: injini imezima, mafuta hayaendi. Dar es Salaam, saa kumi alasiri, joto nyuzi 32 na AC imewashwa, mfumo huo unakataa kuzima, au unazima sekunde chache kisha unawasha tena ili kibaridi kisikatike. Tena mfumo huo unahitaji betri maalumu inayostahimili kuwasha injini mara nyingi. Ile iliyokuja na gari ikifa, wengi wetu tunaweka ya kawaida kwa sababu ya bei, na mfumo unakufa kimyakimya. Wengine wameuzima wenyewe kwa kitufe kwa kuona unawasumbua. Matokeo ni kwamba kila dakika ya kusimama, ambayo Japani ilikuwa bure, hapa unailipia.

Tuipigie hesabu safari yako. Injini ya cc 1,500 ikiunguruma gari limesimama inakula kati ya lita 0.6 na lita 1 kwa saa, kutegemea AC. Tuchukue 0.8. Tuseme katika safari ya kilomita 25 unasimama jumla ya saa moja, ukijumlisha kila taa, kila makutano, na pale Ubungo na Magomeni ambapo mabasi ya mwendokasi yanakupita ukiyatazama. Tuseme pia kwamba linapotembea, gari lako linatoa kilomita 17 kwa lita, ambayo ni hali nzuri kabisa. Kutembea kunakula lita 1.47, kusimama lita 0.8, jumla lita 2.27. Gawa 25 kwa 2.27: kilomita 11 kwa lita. Ndiyo namba yako ileile, bila nozeli kuchoka na bila mtu kukuibia mafuta sheli.

Hili si la Japani peke yake. Ulaya walitumia kipimo cha NEDC, nacho kilicholegea, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 watafiti walikuwa wakikuta magari yanakula karibu asilimia 40 zaidi ya kilichoandikwa kwenye karatasi. Kuanzia 2017 wakahamia WLTP, ambacho ni kirefu zaidi na kinapanda hadi kilomita 131 kwa saa. Tangu 2021 magari mapya huko yanalazimika kurekodi yenyewe mafuta yanayotumia barabarani. Tume ya Ulaya ilipotoa takwimu hizo 2024, magari ya petroli na ya dizeli yalikuwa yakila wastani wa asilimia 20 zaidi ya kipimo kipya, kwenye barabara zao, kwa magari mapya. Kwa hiyo hata namba iliyorekebishwa bado ni ya maabara. Kuna udanganyifu wa kweli pia, kama ule wa Mitsubishi wa 2016 uliogusa magari madogo zaidi ya 600,000 nchini Japani, lakini kisa chako si hicho.

Mimi nikisoma namba ya JC08 ya gari la petroli, kwa mtu wa foleni naikata nusu, kwa mtu wa safari ndefu nachukua robo tatu. Si sheria, ni mazoea yangu, na hayajaniangusha sana. Kwa magari ya 2018 na kuendelea, tafuta kwenye karatasi ya Japani namba za WLTC, maana zimetenganishwa: mjini, nje ya mji, na barabara ya kasi. Ya mjini ndiyo yako. Wauzaji hupenda kukuonyesha ile kubwa.

Sasa dizeli. Ni kweli inakwenda mbali kwa lita, na sehemu ya sababu haina uchawi: lita ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi, ya petroli ni 32. Kabla injini haijafanya lolote, tayari shemeji ana zaidi ya asilimia 10 mkononi. Sehemu ya pili ni injini yenyewe. Injini ya petroli usipoikanyaga sana inapumua kupitia mlango wa hewa uliofungwa nusu, na huko kuvuta hewa kwa shida kunakula nguvu. Dizeli inadhibiti nguvu kwa kiasi cha mafuta, hewa inaingia bila kubanwa hivyo, ndiyo maana hata ikiunguruma imesimama inakula kidogo.

Lakini mwulize shemeji hiyo 15 ameipata wapi. Dar hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi, injini imepata moto, gari linatembea. JC08 ya CX-5 za kwanza za dizeli ilikuwa 18.6. Anapata kama asilimia 80 ya karatasi kwa sababu njia yake inafanana na kile ambacho gari lake linakipenda. Mpe njia yako miezi sita tuone. Wewe pia, ukiipeleka Axio yako Morogoro kwa mwendo wa 80 hadi 90, utampita, dizeli yake na ukubwa wake wote.

Na dizeli ya kisasa ina jambo ambalo za zamani hazikuwa nalo, chujio la masizi, lile mafundi wanaloliita DPF. Masizi yakijaa, kompyuta inaongeza mafuta ili joto la ekzosi lifike nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka gari litembee kwa dakika kadhaa bila kukatizwa. Kwenye foleni inaanza, unazima gari, inaanza tena kesho, unazima tena. Kila jaribio linakula mafuta, na sehemu ya dizeli hiyo huteremka kwenye oili. Kwenye Mazda hizi ukivuta kijiti cha kupimia oili ukakuta oili imepanda juu ya alama, usifurahi. Mwishoni chujio linaziba, na hapo unakutana na mafundi wa “tulitoboe tu”. Ongeza na hili: kuanzia 2015 dizeli ya Afrika Mashariki iliruhusiwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati Japani na Ulaya, ambako injini hizi zilikusudiwa, ni 10.

Ukiendesha kilomita 1,500 kwa mwezi, kwa 11 unatumia lita 136. Dizeli ikikupa 14 kwenye foleni yako utatumia lita 107. Unaokoa lita 29 kwa mwezi. Kamuulize fundi anayezijua bei ya nozeli moja ya dizeli ya kisasa, kisha uhesabu ni miezi mingapi ya lita 29. Kama roho inataka kubadilisha gari kwa njia hiyo, nisingekwambia dizeli. Ningekwambia haibridi, kwa kuwa yenyewe foleni inaiendesha kwa umeme, mradi ukague afya ya betri kubwa kabla ya kununua.

Kabla ya hayo yote, pima sawasawa. Wengi wanaweka mafuta ya elfu ishirini, wanatazama mshale wa geji, wanasema gari linakula. Mshale haushuki kwa usawa, na shilingi si kipimo, maana EWURA inatangaza bei mpya kila mwezi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezee. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha mpaka tangi libaki robo, rudi kwenye pampu ileile, jaza vilevile, gawa kilomita kwa lita ulizoweka. Fanya hivyo tangi mbili tatu. Namba ya dashibodi iache, mara nyingi inajipendelea.

Halafu fanya tangi moja ya safari ndefu. Ukipata 17 au zaidi, funga mjadala wa nozeli. Ukipata chini ya 14, kuna kitu, na mwambie fundi aanze na thamostati. Mafundi wetu wana tabia ya kuing'oa “ili gari lisichemke”. Bila thamostati injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa na inaendelea kumimina mafuta mengi. Aangalie kama breki zinashika hata ukiachia: baada ya safari, gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine umempata mwizi. Upepo wa tairi ufuate kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva. Oili pia: injini yako imetengenezewa oili nyepesi ya 0W-20, na kuimwagia nzito ya 20W-50 kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto ni kuilazimisha isukume uji. Chujio la hewa likiwa chafu badilisha, ila usitegemee muujiza. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu jambo hili 2009 kwenye injini za petroli za kisasa ikakuta kinachopungua ni nguvu ya kuchomoka, ulaji wa mafuta karibu haukubadilika.

Plagi zikaguliwe kwa macho na sensa ya oksijeni isomwe kwa mashine. Yote hayo yakiwa sawa na namba bado iko chini ya 14 barabara ndefu, hapo nozeli zipimwe mtiririko wake kabla hazijanunuliwa nyingine. Fundi akikataa kuzipima, tafuta mwingine.