Kaseti za Jumapili na Nyimbo Arobaini za BBC

SWALI: Mhariri, marehemu baba yangu alisoma Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika vitu alivyotuachia zimo kaseti alizorekodi kila Jumapili jioni kutoka BBC Radio 1, nyimbo zikipanda kutoka namba 40 hadi namba moja. Je, mpangilio huo ulitokana na kura za wasikilizaji, au watangazaji walichagua wenyewe? Na kwa nini siku hizi kipindi hicho hurushwa Ijumaa? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Hazikuwa kura, wala hiari ya mtangazaji, kilichohesabiwa kilikuwa mauzo ya santuri madukani. Chati ya kwanza ya namna hiyo nchini humo ilitolewa na gazeti la New Musical Express tarehe 14 Novemba 1952, baada ya Percy Dickins wa gazeti hilo kuyapigia simu maduka yapatayo 20 kuuliza ni zipi zilizokuwa zikinunuliwa. Ilikuwa na nafasi 12, lakini ilibeba nyimbo 15, kwa kuwa baadhi zilifungana.

BBC ilianzisha kipindi cha redio cha Pick of the Pops mwaka 1955, kikapata umaarufu mkubwa mikononi mwa Alan Freeman, mzaliwa wa Australia, aliyekitangaza kuanzia 1961 hadi 1972. Tatizo ni kwamba kila gazeti la muziki lilikuwa na chati yake, hivyo BBC ikawa inatafuta wastani wa zote. Hesabu hiyo iliumbuka Agosti 1968, pale Bee Gees, Beach Boys na Herb Alpert walipojikuta wote watatu wamekalia namba moja. Februari 1969 kazi ilikabidhiwa kampuni ya utafiti ya BMRB, ambayo maduka yaliitumia kwa posta madaftari ya mauzo. Ndiyo maana mgomo wa wafanyakazi wa posta wa mwaka 1971 uliivuruga chati.

Nyimbo 20 za Jumapili ziliongezwa kuwa 40 Novemba 1978. Hata hivyo, chati aliyoirekodi baba yako ilikuwa imekwisha kutangazwa tangu Jumanne, ikihesabu mauzo ya juma lililotangulia. Kampuni ya Gallup ilipoleta mashine za kuhesabia madukani mwaka 1983, muda kati ya mauzo na matangazo ulianza kufupika, na kuanzia Oktoba 1987 mauzo yaliyofungwa Jumamosi yalitangazwa kesho yake. Kwangu mimi, hayo ni mageuzi makubwa kuliko yale ya intaneti, kwani ndipo wasikilizaji walipoanza kusubiri jambo wasilolijua.

Ijumaa ilikuja Julai 2015, kampuni za muziki za nchi nyingi zilipokubaliana kutoa nyimbo mpya siku hiyo. Juma la hesabu likawa linaishia Alhamisi, na kipindi kikahamishwa na kupunguzwa urefu wake kutoka saa tatu hadi chini ya saa mbili. Nyimbo zinazosikilizwa mtandaoni bila kununuliwa zilikuwa zimeanza kuhesabiwa mwaka mmoja kabla.

Ukitaka kujua umri wa kaseti zako, msikilize mtangazaji: Tony Blackburn alikishika kipindi kuanzia 1979 hadi mwanzoni mwa 1982, akafuatwa na Tommy Vance, kisha Simon Bates mwaka 1984, na Richard Skinner baadaye mwaka huohuo.