Saa ya kidani ya bibi: usiiuze kwa gramu

Dada wa Goma, umeuliza kama "10 rubis" iliyochongwa ndani ya kifuniko ni yakuti kweli, na kama umuuzie mnunuzi wa dhahabu anayetaka kuipima kwa gramu. Mimi ni fundi saa hapa Kadutu, Bukavu. Nakusihi, usimpe.

Mawe hayo yamo ndani ya mashine, hayako usoni. Ni vijiwe vilivyotobolewa, na ncha za mihimili ya chuma huzungukia humo. Saa nyingi za aina hiyo hupiga mara 18,000 kwa saa moja. Chuma kikisugua shaba muda wote huo, tundu hupanuka, lakini yakuti hailiki upesi. Nicolas Fatio, Mswisi, ni mmoja wa waliopewa hataza ya ufundi huo London mwaka 1704. Sokoni mawe hayo hayaongezi bei kubwa.

Thamani iko mgongoni mwa saa, kwenye ile rangi ya buluu. Kwanza fundi alichonga mistari ya mawimbi juu ya dhahabu kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Akaweka unga wa kioo, ndiyo enameli, akauchoma tanuruni kwenye joto la nyuzi 800 hivi, akaongeza unga, akachoma tena. Igeuze taratibu dirishani: mwanga unakimbia chini ya rangi kama Ziwa Kivu likipigwa na upepo wa asubuhi. Mnunuzi wako akiiyeyusha, kazi hiyo yote inaishia kuwa takataka ya kioo. Inaniuma sana kila nikisikia imetokea.

Vijiwe vya ukingoni, vikiwa bapa chini na vyenye pembetatu juu, huenda ni almasi za mkato wa kale.

Pete ya juu ya kuning'inizia saa ikikatika, usimpelekee sonara wa moto. Niliwahi kuletewa saa iliyochomelewa pete bila kukingwa. Enameli ilikuwa imepasuka kuanzia shingoni hadi katikati, na ufa wa hivyo siwezi kuuziba. Usiioshe kwa maji ya moto wala dawa ya kung'arisha. Usiitie ufunguo pia kabla fundi hajaifungua na kusafisha mashine: mafuta yaliyokauka hula mihimili.

Tafuta alama ndani ya kifuniko. Kichwa cha mwanamke pamoja na 0,750 ni dhahabu ya karati 18 ya Uswisi, alama iliyoanza miaka ya 1880. Ukiona neno "métal", kifuniko hicho cha ndani si dhahabu. Tuma picha ya alama hizo, na ya mgongo taa ikiupiga ubavuni ili nyufa zionekane, ndipo tuzungumze bei.