Kabla ya Kuchagua Kuvu, Yajue Kwanza Majitaka Yako

Hivi karibuni mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nataka kutumia kuvu kuondoa rangi katika majitaka ya viwanda vya nguo. Nianze na kuvu gani?" Namjibu hapa, kwa kuwa najua wapo wengi wenye kiu kama yake.

Mimi nilianza na Aspergillus niger, ule ukungu mweusi unaoshambulia vitunguu ghalani, ambao viwandani hutumika kutengeneza asidi ya sitriki. Niliuotesha katika chupa za maji ya sukari na virutubisho zilizotikiswa mfululizo, ukajiviringa kuwa vidonge vidogo. Nikavichemsha kwa mvuke wa nyuzi 121 hadi vikafa, kisha nikaviosha. Nilipovitia katika maji yenye rangi na baadaye kupasua kimoja kwa wembe, niliona rangi imekolea kwenye ganda la nje huku kiini kikiwa bado cheupe, na papo hapo nikajua kwamba vingine nivikaushe na kuvisaga ili eneo la kushika rangi liongezeke.

Wakati huo niliomba fedha za utafiti, na mjumbe mmoja wa jopo akasema mbele ya wenzangu kwamba kuvu ni kazi ya daktari wa ngozi. Maneno yale yananiuma hadi leo. Ukuta wa seli za kuvu una kaitini na kaitosani, yaani minyororo ya sukari yenye naitrojeni, na katika maji yenye asidi vikundi vyake vya amino hupata chaji chanya inayozivuta rangi zenye chaji hasi. Hayo ni maarifa ya kemia, tena yanayothibitika kwa macho.

Nimewahi pia kushauriwa nitumie kuvu hai zinazoozesha miti, kama Trametes versicolor na Phanerochaete chrysosporium. Vimeng'enya vyake huivunja rangi yenyewe, jambo ambalo kuvu iliyokufa haiwezi, lakini hudai chakula, muda na ulinzi dhidi ya bakteria. Kwa karakana ndogo, ndugu yangu, chagua iliyokufa: haili, wala haidhuriwi na sumu iliyomo majini.

Lakini usichague kabla hujapima. Rangi za riaktivu, zinazojifunga kikemikali na nyuzi, hutiwa kwenye pamba pamoja na chumvi nyingi na magadi, kwa hiyo majitaka yake huweza kufika pH ya 10 au 11 (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni magadi), ilhali machapisho mengi husifu matokeo ya pH ya 2 yaliyopatikana kwa rangi safi iliyoyeyushwa katika maji safi. Kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi ya asidi, na asidi ya kuishusha hununuliwa. Nilipoishusha pH ya majitaka halisi ya karakana moja na kuyatia kuvu, yakabaki na wekundu hafifu tu baada ya kuchujwa, nilijivunia kuliko siku niliyopata shahada. Pima majitaka halisi! Msomi anayejifungia na maji safi hajamsaidia mtu anayeishi kando ya mtaro.

Jihadhari pia na macho na mashine. Rangi iitwayo Nyekundu ya Kongo hugeuka buluu pH inaposhuka chini ya 3, hivyo ukiipima kwa mashine kwenye nanomita 497, wimbi la mwanga linalonyonywa na ule wekundu, utadhani imeondoka, kumbe imo yote. Kila mara weka chupa ya rangi isiyo na kuvu katika pH ileile, na chupa ya kuvu isiyo na rangi, kwa kuwa kuvu yenyewe huweza kutoa umanjano.

Kuvu iliyoshiba rangi nayo ni taka, isitupwe mtaroni. Rangi nyingi za chaji hasi huachia ukiiosha kwa soda kaustiki hafifu, nayo kuvu hurudi kazini. Maji hayo ya kuoshea, yenye rangi iliyokolea, yahifadhiwe kwenye chombo chenye kifuniko hadi yashughulikiwe. Nitumie pH na kiwango cha chumvi cha majitaka yako, kisha tutazungumza kuhusu jina la kuvu.