Maswali ya Wasomaji: Ndege yainua pua, yasimama hewani, yaanguka

SWALI: Assalam aleikum fundi. Mimi niko Shela, Lamu. Nina ndege ya rimoti ya chaneli nne, bawa liko juu, mabawa yote mawili sentimita 120, ile ya povu gumu kama maboksi ya samaki. Niliinunua kwa mtu bila kitabu chake. Mwanzo iliruka vizuri tu, siku moja ikagonga mnazi mkia ukavunjika, nikauunga na gundi ya epoksi na vijiti vya mwanzi, alafu betri yake ilikuwa imefura nikaitoa nikatia nyengine ndogo. Tangu hapo kila nikiirusha inainua pua, inasimama hewani, inapinduka inakuja chini. Nimeshusha trimu (kile kirekebisho kidogo cha rimoti) ya eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, lakini wapi. Ni mota imechoka?

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Mota haina kosa, iache. Swali lako umelijibu mwenyewe ndani ya barua: umeongeza uzito tezi (nyuma), ukapunguza omo (mbele). Betri iliyofura ulifanya vizuri kuitoa, hio usiichaji tena hata siku moja manake inashika moto, lakini betri ya seli tatu ya 2200 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) huwa na gramu kama 180 na ile ndogo ya 1300 mAh ni kama 110, sasa hapo pua imeshapoteza gramu 70. Na gundi je? Wewe wa Lamu umeona jahazi likipakiwa, nahodha hatii farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, popote tu, chombo kikilemea nyuma hakishiki njia. Ndege ni hivo hivo, tofauti ni kuwa yenyewe haina maji ya kuishikilia.

Fanya hesabu na mimi. Mkia uko mbali na bawa kuliko pua. Tuseme pua iko sentimita 20 mbele ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapobalansi, na mkia uko sentimita 60 nyuma, basi kila gramu moja ya gundi mkiani inataka gramu tatu puani kuirudisha. Gramu 10 za epoksi ni gramu 30 za puani. Ndio maana mimi nasema mkia uunge kwa gundi kidogo sana, ukishakauka chukua msasa uondoe yote iliyozidi, usianze kutafuta uzito wa risasi wa kutia puani kabla hujafanya hivo.

Sasa kitabu huna, lakini ndege ya kujifunzia yenye bawa la mstatili kitovu chake huwa kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele kurudi nyuma. Bawa lako likiwa na upana wa sentimita 20 anza na sentimita 5, usipite 6. Pima kwa rula, tia alama ya kalamu chini ya bawa pande zote mbili karibu na mwili. Alafu panga ndege kama inavyoenda kuruka, betri ndani, propela iko, kifuniko kimefungwa, ila waya wa betri usiuchomeke. Ndani ya nyumba, feni imezimwa. Inua kwa ncha za vidole viwili kwenye zile alama. Ikilala mkia, songeza betri mbele, hata kama itabidi ukate povu kidogo kuipa nafasi. Ikikataa ndio uende dukani kwa wavuvi ununue chubwi za mshipi, zibandike puani kabisa mbele ya kila kitu. Unataka ikae sawa au pua iinamie chini kidogo tu. Wazee walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama (tumbo la chombo) ya ndege ndio hio alama ya kalamu.

Mimi nalisema hili kwa uchungu. Hapa Malindi nilipoteza ndege niliyoijenga kwa mikono yangu miezi mitatu, nilibadilisha betri asubuhi ile ile nikaona aa, tofauti ndogo. Iliruka mita kama kumi. Nilikaa pale mchangani nikiokota vipande vya mbao moja moja.

Ukishabalansi rudisha trimu katikati. Toa propela, washa rimoti kwanza ndipo uchomeke betri ya ndege, simama nyuma yake: fimbo ukiivuta kwako eleveta ipande, ukiipeleka kulia aileroni (kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa) ya kulia ipande, na fimbo ya usukani ukiipeleka kulia usukani uende kulia. Mota ikizunguka, zima rimoti uone inasimama yenyewe. Isiposimama usiruke.

Na jambo la mwisho, uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya mkondo. Kenya ina kanuni za vyombo visivyo na rubani za mwaka 2020, ulizia KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla, na kaa mbali na njia ya ndege za watu.

SWALI: Mimi wa Malindi, yangu inalalia kushoto. Nitie uzito bawa la kulia?

JIBU: Kwanza angalia inalalia lini. Shika ndege kwa shafti ya propela na mwisho wa mkia, mwenzako akusaidie, bawa linaloshuka lenyewe ndilo zito, tia sarafu kwa teipu kwenye ncha ya lile jepesi. Lakini kama inalalia pale tu unapoongeza mota basi ni msokoto wa propela, weka washa (kipete cha skrubu) nyembamba nyuma ya mota kwenye skrubu za upande wa kushoto ili mota itazame kulia nyuzi mbili hivi. Jaribu alfajiri upepo haujaamka, maji yakiwa yametoka, manake kusi ikishaanza kupiga hutojua kama ni ndege inalalia ama ni upepo.